Maji Kwanza, Dhahabu Baadaye: Mwongozo wa Siku Moja Tepotzotlán na Arcos del Sitio, Meksiko

Mara ya kwanza nilipelekwa. Kigari cha watalii kilitufuata hotelini, tukazungushwa uwanja wa Tepotzotlán, tukapigwa picha mbele ya kanisa, tukapitishwa makumbusho haraka haraka, tukaketishwa kwenye mgahawa ambao naamini mwenyewe ni shemeji wa dereva, na tulipofika Arcos del Sitio, kwenye matao ya mfereji wa kale wa maji, ilikuwa saa kumi jioni na mvua imeshaanza. Tulipewa dakika arobaini. Nusu yake tulijibanza kwenye kibanda cha langoni. Mara ya pili nilikwenda mwenyewe, nikaipindua ratiba nzima, na ndipo nilipoona kwamba mji na mfereji ni hadithi moja, na inaanzia kwenye maji. Ratiba ninayokupa hapa ni hiyo iliyopinduliwa.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Tepotzotlán ni mji mdogo wa enzi za ukoloni wa Kihispania, kama kilomita 40 kaskazini mwa Jiji la Meksiko. Jina ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na maana yake ni mahali pa wenye vibyongo. Ukiuliza kwa nini, mwenyeji atakuonyesha umbo la milima nyuma ya mji. Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, walifika hapa mwaka 1580 wakitaka kujifunza lugha za wenyeji, wakanogewa, wakajenga nyumba ya kulelea wanovisi, yaani vijana wanaoandaliwa kuingia shirikani, na kanisa ambalo leo ni moja ya majengo yenye mapambo mengi zaidi nchini humo. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania, Carlos wa Tatu, aliwafukuza Wajesuiti katika milki zake zote. Tangu 1964 jumba lao ni makumbusho ya taifa ya enzi za utawala wa Kihispania, Museo Nacional del Virreinato, na mwaka 2010 liliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO likiwa sehemu ya Barabara ya Kifalme ya kwenda kaskazini.

Arcos del Sitio, yaani matao ya Sitio, yako kama kilomita 30 kutoka mjini, ndani milimani. Ni sehemu ya mfereji wa Xalpa, pale unapovuka korongo. Kiswahili hakina neno moja la kitu hiki, kwa hiyo nitaendelea kusema mfereji wa matao, na ukiuona utaelewa kwa nini nakosa neno.

Chagua siku kwa akili

Jumatatu usiende. Makumbusho hufungwa, na utabaki unatazama mlango. Jumapili Wameksiko huingia bure, hivyo familia nzima nzima huja na bibi, watoto na baluni. Ni raha kuwatazama, ila mbele ya mchoro unaotaka kuutazama kwa utulivu kutakuwa na vichwa kumi. Jumamosi ndiyo chaguo langu: nyama ya shimoni ipo sokoni na kombi, mabasi yao madogo, hazisuasui.

Miezi ya mvua ni kuanzia Mei mwishoni hadi Oktoba, na mvua yenyewe ina tabia ya karani wa serikali: haifiki kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi huwa jua zuri. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuanza na matao. Novemba hadi Aprili ni kavu, lakini Desemba na Januari alfajiri kuna baridi ya kung'ata. Kumbuka upo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi kwa mita mia nne na ushee. Mtu wa Tanga au Lamu atahema kwenye ngazi za kwanza akidhani ameugua ghafla. Hujaugua. Pumzika, kunywa maji, endelea.

Neno moja kuhusu viza kwa wasomaji wanaoishi ughaibuni: Meksiko imekuwa ikiwaruhusu wageni wenye viza hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen kuingia bila viza ya Meksiko. Thibitisha ubalozini kabla ya kukata tiketi, maana taratibu za viza hubadilika usiku mmoja. Walioko Afrika Mashariki wana ubalozi wa Meksiko Nairobi.

Kiongozi au mwenyewe?

Kama hujui Kihispania hata cha kuombea maji, chukua kiongozi, wala usione aibu. Ila usilipe kabla hujauliza maswali manne. Je, tunaingia ndani ya makumbusho, au tunaishia uwanjani? Tutakaa kwenye matao kwa saa ngapi, tukiwa tumesimama pale, si kwenye gari? Viingilio vimo kwenye bei? Na mwisho: tunaweza kuanza na matao? Swali la nne ndilo mtihani. Kiongozi anayejua kazi atatabasamu na kusema ndiyo. Asiyejua ataanza kukueleza habari za mgahawa.

Muulize pia kama ana ruhusa ya kuongoza watu ndani ya makumbusho yenyewe. Si kila dereva mwenye kipaza sauti ni kiongozi.

Jihadhari na saa. Ukiandikiwa 7:00 ni saa moja asubuhi yetu, na 19:00 ni saa moja jioni. Nimeshaona mtu mzima, msomi, akishuka hotelini saa saba mchana kufuata gari lililoondoka alfajiri. (Aliyeona hakuwa mbali na kioo.) Ukitaka kupiga simu nyumbani, Dar na Nairobi wako mbele kwa saa tisa: wewe ukiwa saa tatu asubuhi, wao ni saa kumi na mbili jioni, na mama ndiyo anaanza kupika.

Kutoka jijini

Amka mapema. Ukiwa barabarani saa kumi na mbili na nusu, siku ni yako. Ukitoka saa tatu, ni ya foleni.

Njia ninayoipenda ni treni ya mjini, Tren Suburbano, inayoanzia Buenavista na kuishia Cuautitlán. Ni kilomita 27 kwa dakika kama 25, na foleni ya barabara kuu unaitazama dirishani kama sinema. Unahitaji kadi ya kuongezea salio, inunue kituoni. Ukishuka Cuautitlán, tafuta kombi za Tepotzotlán nje ya kituo.

Njia ya pili ni basi kutoka kituo kikuu cha kaskazini, kilichoungana na stesheni ya metro Autobuses del Norte ya mstari namba 5. Uliza kwanza kama basi linaingia mjini au linakushusha kwenye kizuizi cha ushuru cha barabara kuu ya Querétaro, kile wanachokiita caseta. Likikushusha caseta, si msiba. Taksi au kombi itakufikisha katikati ya mji kwa muda mfupi.

Kombi yao ni ndugu wa daladala na matatu, ila haina konda. Dereva ndiye kila kitu. Ukikaa nyuma, nauli yako hupita mikono ya abiria hadi mbele, na chenji hurudi kwa njia hiyohiyo, salama, bila mtu kuinua sauti. Unapompa jirani hela sema «¿Me pasa, por favor?», naye atapeleka. Ukitaka kushuka, sisi tunasema «Shusha!», wao wanasema «¡Bajan!», na huwa wanalipigia kelele kwa sauti ileile. Beba sarafu na noti ndogo. Noti ya peso 500 saa moja asubuhi ni matusi.

Kwenda kwenye matao

Ukifika Tepotzotlán, ipe kanisa mgongo. Najua ni vigumu, sura yake ya mawe inakuita. Kunywa kikombe cha atole, uji wa mahindi wa moto ambao utakukumbusha nyumbani, kula tamali moja (unga wa mahindi uliokandwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya majani), kisha uliza: «¿De dónde salen las combis a los Arcos?» Wauza magazeti na mama wa tamali wanajua kuliko ramani ya simu. Kama mko watatu au wanne, patana na taksi bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mpatane bei yote kabla mlango haujafungwa.

Barabara inapanda na kujipinda karibu saa nzima. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Kando ya njia utaona mimea mikubwa yenye majani kama mapanga, rangi ya kijani iliyopauka. Hiyo ni maguey, ndugu wa damu wa mkonge. Na mkonge wetu asili yake ni nchi hiihii, rasi ya Yucatán: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kupitia Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakaota mashamba yote ya Korogwe na Muheza. Mimi nilikulia karibu na mashamba hayo, nikasoma kwa ada ya mkonge. Kuiona ile familia nyumbani kwao, kando ya barabara, bila mistari wala manamba, kulinifanya nikae kimya kwa dakika kadhaa.

Kabla dereva hajaondoka, muulize kombi ya mwisho kurudi ni saa ngapi: «¿A qué hora sale la última?» Akisema «ahorita» kuhusu jambo lolote, elewa kwamba ni neno lenye ukubwa wa «sasa hivi» yetu, kuanzia dakika moja hadi kesho.

Kwenye matao, usikimbilie picha

Kiingilio hulipwa langoni; uwe na taslimu. Ndani kuna daraja la kamba linaloning'inia, nyaya za kuteleza juu ya korongo, mahali pa kupiga kambi. Vijana wataenda huko. Wewe shuka kwanza chini.

Hili ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Ukiyatazama matao kutoka juu, unaona ukuta mrefu wenye matundu. Shuka njia ya miguu hadi chini kabisa korongoni, polepole, magoti yakiuma yasikilize, kisha inua kichwa. Hapo ndipo unauona mlima uliojengwa na mikono: matao juu ya matao, ngazi nne pale penye kina kirefu zaidi, mita 61 kutoka chini hadi juu. Ni kama jengo la ghorofa ishirini, nalo lilijengwa kwa mawe, chokaa na jasho. Matao yote ni 43 na urefu wa sehemu hii ni mita 438. Hutajwa kuwa mfereji wa matao mrefu kwenda juu kuliko yote Amerika ya Kilatini.

Yote hayo kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kamfereji kadogo kanakopita juu kabisa.

Mchagga yeyote aliyewahi kuchimba mfongo, mfereji wa jadi wa maji, hahitaji maelezo. Maji hayapandi mlima. Unayachota juu, kwenye chanzo, halafu unayabembeleza kando ya mlima kwa mteremko mdogo sana, kiasi kwamba jicho haliuoni. Ukiyapa mteremko mkubwa yanakimbia na kubomoa kingo, ukiyanyima yanalala. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfongo ukikutana na kijikorongo, wazee waliweka gogo lililochongwa katikati, maji yakavuka. Hapa wajenzi walikutana na korongo ambalo hakuna gogo lingelifikia ng'ambo. Kulizunguka ingekuwa safari ndefu na kupoteza kimo. Kushuka na kupanda, kwa mfereji ulio wazi, haiwezekani. Basi wakaleta ardhi juu, kwa mawe, hadi ilipolingana na maji.

Na kwa nini matao, si ukuta mzima? Ukuta wa mita 61 ungemeza mawe mara nyingi zaidi, ungekuwa mzito kwa msingi wake, na upepo wa korongoni ungeusukuma kama tanga. Tao huacha upepo upite, na uzito wote huuteremsha kwenye miguu. Simama chini ya mguu mmoja uweke kiganja kwenye jiwe. Hakuna kibao kitakachokueleza hayo vizuri kuliko jiwe lenyewe.

Sasa historia, maana hapa ndipo viongozi wengi hupitisha fasta. Wajesuiti wa Tepotzotlán walikuwa na shamba kubwa, hacienda ya Xalpa, upande wa Huehuetoca. Shamba lilitaka maji, na kazi ya mfereji ilianza karne ya 18. Kisha 1767 wakafukuzwa, na kazi ikalala. Shamba likanunuliwa na Pedro Romero de Terreros, mwenye cheo cha kikabaila cha Conde wa kwanza wa Regla, tajiri wa migodi ya fedha ya Real del Monte. Mzao wake Manuel Romero de Terreros ndiye aliyekamilisha mfereji mwaka 1854, wakati Wahispania walikuwa wameondoka tangu 1821. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ni kazi ya Wajesuiti, yuko sahihi nusu. Walianza wamisionari, akamaliza mwenye shamba, na waliobeba mawe hawakuandikwa mahali popote pale langoni.

Waliotembelea magofu ya Maruhubi, Unguja, wanakumbuka mabaki ya mfereji wa Sultani Barghash uliopeleka maji kwenye jumba lake na hamamu. Kazi ni ileile, kubeba maji kwa mteremko peke yake. Ukubwa ndio tofauti, na huku maji yaliitwa na ngano na mifugo, kule yaliitwa na hamamu.

Mambo machache ya kujilinda. Usipande juu ya mfereji hata ukiona wengine wanajipiga picha huko. Jiwe la kale halina ukingo wa kushika. Vaa viatu vyenye meno. Kofia na mafuta ya jua si anasa, jua la kimo hiki huunguza hata ngozi yetu, usidanganywe na upepo baridi. Pakua ramani kwenye simu kabla, kwa sababu mtandao korongoni ni wa kubahatisha. Vyooni beba karatasi yako.

Saa mbili na nusu zinatosha. Uwe umerudi mjini saa saba mchana, kabla mawingu hayajajikusanya.

Kula

Nenda sokoni karibu na uwanja. Wikendi tafuta barbacoa: nyama ya kondoo iliyofungwa kwenye majani ya maguey na kuzikwa shimoni juu ya mawe ya moto usiku kucha. Mchuzi uliodondoka humo huletwa kwenye bakuli, na mpishi atakutazama uso mpaka uunywe. Tortila za mahindi ya buluu, yaani chapati zao nyembamba, ziombe zikiwa za moto. Mahindi yao huchemshwa kwanza na chokaa ndipo yasagwe, na ndiyo maana yana harufu ile ambayo sembe yetu haina. Sisi tulipokea mahindi kutoka huku, lakini tukaiacha chokaa njiani. Ukiona pozole kwenye ubao, ni mahindi makubwa yaliyopikwa na nyama kwenye supu, binamu wa makande.

Pulque ni utomvu wa maguey uliochacha. Mnywaji wa ulanzi au tembo la mnazi ataitambua kwa kunusa. Glasi moja, bado una makumbusho mbele yako.

Sema «provecho» unapopita karibu na meza ya watu wanaokula. Asiyesema huonekana hana malezi, kama sisi tunavyomwona mtu anayepita wazee bila shikamoo. Ukiulizwa unatoka wapi, wengi watadhani Kuba. Ukisema Tanzania au Kenya, jiandae kwa maswali ya simba.

Sasa dhahabu

Ingia makumbusho kama saa nane. Usianze na kanisa. Anza na ua wa ndani unaoitwa Claustro de los Aljibes. Aljibe ni neno ambalo Wahispania walilirithi kwa Waarabu, na maana yake ni birika la kuhifadhi maji ya mvua. Yule aliyetawadha kwenye birika la msikiti wa zamani wa pwani anajua kitu chenyewe. Chini ya ua huu kuna maji, au palikuwa na maji. Juu ya kuta kuna michoro ya Cristóbal de Villalpando ya maisha ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Wanovisi walitembea wakizunguka maji huku wakimtazama baba yao. Mmoja wao, aliyeingia mwaka 1748, alikuwa Francisco Javier Clavijero, ambaye baadaye akiwa uhamishoni Italia aliandika historia ya Meksiko ya kale kuwatetea wenyeji dhidi ya dharau za wasomi wa Ulaya.

Ndipo uingie kanisa la San Francisco Javier. Lilijengwa kati ya 1670 na 1682, na sura yake ya mbele ikaongezwa miaka ya 1760, muda mfupi tu kabla wenyewe hawajafukuzwa. Ndani, kuta zimefunikwa na viambaza vya mbao zilizochongwa na kupakwa jani la dhahabu kutoka sakafuni hadi darini. Kazi hiyo ilifanywa miaka ya 1750, na mchoraji Miguel Cabrera alihusika. Usijaribu kuona vyote, macho yatachoka kama mtu aliyelishwa halua sahani nzima. Tafuta kitu kimoja: nguzo. Nguzo ya kawaida ni nene chini. Hizi zimepinduliwa, nyembamba chini na pana juu, na huitwa estípite. Ukiishaona moja utaziona kila mahali, na fujo yote ile itaanza kuwa na mpangilio.

Mtakatifu mwenye kanisa hili hakuwahi kukanyaga Meksiko. Malindi alikanyaga. Fransisko Ksaveri alipita hapo mwaka 1542 akielekea Goa, na kanisa dogo la Wareno lililoko Malindi hadi leo huhusishwa na safari ile. Nilipomwona juu ya altare, amezungukwa na dhahabu yote ile, nilijikuta nikimsalimia kama mtu tuliyeshuka naye bandari moja.

Usitoke bila kupita kwenye Camarín de la Virgen, chumba kidogo nyuma ya nakala ya nyumba ya Loreto, Italia, inayoaminiwa kuwa ilikuwa ya Bikira Maria. Kina pembe nane, kuba lake limepambwa mpaka basi, na malaika wakuu wanne wamesimama wakilibeba. Ni padogo, na mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko kanisani.

Halafu tafuta mchoro uitwao Las castas. Ni turubai moja ya karne ya 18, mchoraji hajulikani, imegawanywa vyumba 16, kila kimoja kina baba, mama na mtoto. Mhispania na mwenyeji huzaa mestizo. Mhispania na mwanamke Mwafrika huzaa mulato. Wanaendelea kuchanganyika chumba hadi chumba, na kila mtoto anapewa jina la daraja lake, mpaka mwandishi anaishiwa maneno: mmoja anaitwa Tente en el aire, «jishikilie hewani», na mwingine No te entiendo, «sikuelewi». Ndiyo, mtoto wa binadamu ameandikwa «sikuelewi». Kundi letu siku ya kwanza lilipitishwa mbele ya mchoro huu bila neno. Usikubali. Waafrika waliletwa Meksiko kwa maelfu, wengi kutoka Afrika Magharibi na Kongo na Angola, na wajukuu wao wapo. Vicente Guerrero, rais aliyetangaza kukomesha utumwa mwaka 1829, alikuwa na damu hiyo. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.5 wanaojitambua kuwa Wameksiko wenye asili ya Afrika. Kama una kiongozi, hapa ndipo umuulize maswali hadi akae chini.

Mengine pita: majoho, vyombo vya fedha, pembe za ndovu zilizochongwa Asia na kuletwa kwa merikebu za Manila. Michoro ya watawa wakiwa wamevikwa mataji ya maua inastahili dakika tano. Ukienda Desemba, ulizia mapema mchezo wa Noeli, pastorela, ambao mji huu unasifika nao.

Maliza bustanini

Nyuma ya jumba kuna bustani kubwa ya miti ya matunda, na watalii wengi hawaifikii kwa kuwa miguu imeshakwisha. Jikaze. Humo kuna chemchemi ya mawe iliyochongwa karne ya 18, Salto del Agua. Asili yake si hapa. Ilikuwa kikomo cha mfereji mwingine wa matao, ule wa Chapultepec uliolisha Jiji la Meksiko, uliokuwa na matao 904. Watu wa jiji walichota maji hapo kwa karne nzima na zaidi. Mfereji ukabomolewa karibu wote, na chemchemi ikahamishiwa huku. Kaa kwenye kivuli chake upumzishe miguu. Asubuhi uliona maji yanavyobebwa, hapa unaona yalivyokabidhiwa kwa watu.

Toka kabla ya kufungwa, usisubiri walinzi wakufukuze kwa funguo. Rudi jijini kwa njia uliyojia. Ukiingia kwa kituo cha kaskazini, panda metro mstari wa 5 hadi La Raza, badili mstari wa 3 hadi Balderas, kisha mstari wa 1 kituo kimoja tu. Kituo hicho kinaitwa Salto del Agua, na alama yake ukutani ni chemchemi ileile. Panda ngazi utoke nje. Nakala yake imesimama pale barabarani, katikati ya mabasi na wauza soksi, mahali hasa ilipokuwa ya kwanza. Itazame kwa dakika mbili tatu, ulinganishe na ile ya bustanini, halafu rudi chini. Nauli ni peso 5 nyingine.